Siku za Msafara, Intaneti Ilikuwa Nyepesi

Wiki iliyopita umeme ulirudi ofisini kwetu Runazi baada ya kukatika tangu asubuhi, na mwenzangu wa masijala akawasha ile kompyuta kuukuu ambayo siku hizi kazi yake ni kuwekewa vikombe vya chai mgongoni. Ikanguruma, ikakohoa, halafu ikatoa ile harufu. Ninyi wa rika langu mnaijua: vumbi lililolala siku nyingi likianza kuungua ndani ya sanduku la bati, pamoja na plastiki ya moto. Vijana wa simu za kupapasa hawaijui, na sina hakika kama wamekosa kitu. Nilikuwa na mafaili mkononi. Niliyaweka mezani nikatoka barazani, nikajifanya naangalia kama mvua itanyesha, maana sikutaka mtu aniulize nina nini.

Harufu hiyo kwangu ni Mabawe, karibu na mpaka wa Burundi, kwa Bibi, mzaa baba. Nilipelekwa kwake nikiwa nimeingia darasa la tano. Wazazi wangu walikuwa wamehamia Nemba, upande wa Biharamulo, walikosikia mashamba ni mapana na udongo haujachoka, wakaondoka na ndugu zangu wote, mimi nikabaki. Kwetu mwanamke mzee haachwi alale peke yake. Huchaguliwa mjukuu mmoja wa kike akakae naye, amchotee maji, amkokee moto, amsikie akikohoa. Wakubwa husema mtoto huyo amepewa heshima. Mimi niliona kwamba lori lilijaa na aliyezidi nilikuwa mimi.

Bibi alinipenda, hilo silikatai, ila alikuwa mtu wa maneno machache na rozari nyingi. Jioni tulikaa jikoni, yeye akipukuchua maharage huku midomo ikicheza na Salamu Maria, mimi nikitazama moto. Shuleni nilikuwa na wenzangu, lakini kengele ya mwisho ikilia kila mmoja alikutana na ndugu zake wakaondoka wakisukumana na kutukanana kwa raha. Mimi nilirudi peke yangu nikiongea kwa sauti mbili, moja ikiuliza na nyingine ikijibu. Siku moja mama mmoja akanikuta njiani nikijibishana hivyo, akaenda kumwambia Bibi aniombee misa. Misa iliombwa. Mazungumzo hayakukoma.

Sasa, jirani na kijiji kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi, na kabla ya kufika kwenye geti lake shirika moja lilikuwa limejenga nyumba ya bati yenye milango miwili. Mlango mmoja ulitazama kambini, wa pili ulitazama barabarani. Wakimbizi hawakuruhusiwa kutoka bila kibali, na sisi wenyeji hatukuruhusiwa kuingia, kwa hiyo aliyeijenga nyumba ile alitumia akili: kila mtu aingie kwa mlango wake, tukutane katikati mbele ya kompyuta. Zilikuwa chache na zote zilikuja zikiwa zimeshatumika huko zilikotoka. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jenereta lililowashwa baada ya chakula cha mchana na kuzimwa jua likianza kuinama, na juu ya paa kulikuwa na dishi kubwa jeupe lililotazama mbinguni. Ndani ndipo palipokuwa na harufu ile.

Msimamizi alikuwa kaka Deo, kijana Msubi kutoka huku huku Runazi ninakofanya kazi leo. Alikuwa mwembamba, mpole, na ulimi wake haukutofautisha r na l hata kwa dawa. Mashine ikilala, yeye alisema imerara. Sisi watoto wa Kihangaza, wenyeji wa Mabawe, tulimcheka, naye alituacha tucheke, kisha akatuuliza nani kati yetu ameshajua kuiamsha.

Na kwa mlango wa kambini aliingia Kaneza. Alikuwa wa umri wangu, na shingo yake ilikuwa na rozari ya plastiki ya bluu. Siku ya kwanza aliketi pembeni yangu kwa sababu kiti kingine kilikuwa kimevunjika mguu. Akaniuliza kitu kwa Kirundi, nikamjibu kwa Kihangaza, na kwa kuwa lugha hizo ni kama mtu na mdogo wake, hakuna aliyeona ajabu. Kiswahili tuliweka kwa ajili ya kaka Deo. Nilipofika nyumbani siku ile niligundua kwamba njia nzima sikuwa nimeongea peke yangu.

Kaneza alizaliwa kambini. Nchi yake mimi niliijua kumzidi, maana kutoka shambani kwa Bibi vilima vya Burundi unaviona vizuri asubuhi ukungu ukipanda, na yeye kutoka kambini alikuwa anaona mapaa ya turubai tu. Alikuwa akiniuliza kuna nini kule. Nilimwambia kuna moshi wa watu wanaopika, na migomba. Akauliza migomba ya namna gani. Nikamwambia kama ya kwetu. Nilimwona hakuridhika, na safari iliyofuata nikaongeza ng'ombe ambao sikuwahi kuwaona.

Mchezo ulitufikia kwa bahati. Mgeni mmoja wa shirika alipoondoka aliacha CD kwenye droo, na kaka Deo akaiweka kwenye mashine yetu ili kujua ina nini. Yalikuwa magari ya mashindano. Lilikuwepo gari moja jekundu na barabara moja tu, fupi, ikizunguka mlima. Tulipokezana: mzunguko wake, mzunguko wangu. Mmoja akiendesha mwingine alipinda mwili mzima kwenye kona utafikiri atasaidia. Ila kila ulipomaliza, picha ilijitokeza ya magari mawili yakikimbia bega kwa bega, na maneno ya Kiingereza chini yake. Tulimwomba kaka Deo atusomee. Akasema maana yake ni kwamba hiki ni kionjo tu. Anayetaka kucheza wawili kwa pamoja aushushe mchezo mzima kutoka kwenye intaneti, ni bure.

Wawili kwa pamoja. Sijui kama naweza kuwaeleza nilivyolisikia neno hilo. Nilikuwa nimechoka kupokezana na mtu. Nilitaka gari langu na la Kaneza yawe barabarani wakati mmoja. Hakuna nilichowahi kukitaka vile kabla ya hapo, na tangu pale ni vichache.

Kaka Deo alitupatia ruhusa na masharti. Tutumie mashine yetu tu, tusiguse za wengine, na tusilie ikishindikana, maana mchezo ule ni mkubwa na bomba letu ni jembamba. Akabonyeza. Kikatokea kiboksi chenye mstari mweupe ambao ulianza kujaa rangi ya kijani kutoka kushoto, polepole, kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba la kudondosha. Niliamini kabisa kwamba magari yenyewe yanashuka kutoka mbinguni, yanaingia kwenye dishi, yanapita kwenye ule waya wa kijivu uliotambaa ukutani. Nikaushika waya nisikie yakipita. Ulikuwa na uvuguvugu kwa sababu ya jua la dirishani, nami nikamwambia Kaneza ayashike, ndiyo hayo. Akashika, akatikisa kichwa kwamba anayasikia.

Siku hiyo mvua ilinyesha na kila kitu kikakatika. Kaka Deo akatueleza kuwa wingu zito likisimama mbele ya dishi, dishi harioni, na mawasiliano yanakufa. Basi tukajaribu tena siku ya pili, ikanyesha tena. Ulikuwa ndio mwanzo wa mvua za kupandia maharage, na huko kwetu mtu anayeiombea mvua isinyeshe wakati huo anahitaji kutazamwa vizuri na wazee. Jikoni jioni Bibi alisali mvua ije. Mimi, nimepiga magoti pembeni yake nikiwa nimefumba macho kwa utiifu, nilisali isije mchana. Nilijihesabia haki kwamba ikinyesha usiku maharage hayatajua tofauti.

Mvua ilipopungua, tukagundua ubaya mwingine. Mchezo ule ulikuwa ukikatika hauendelei pale ulipoishia. Unaanza upya, sifuri. Kaka Deo alitafuta programu ya kuendeleza kilichokatika, akaiweka, ikakataa. Alikuna kichwa akatuambia kwamba wenye mchezo wao hawakubari mtu aendelee, wanataka uchukue wote kwa mkupuo mmoja. Maana yake ilikuwa lazima uanze jenereta likiwashwa na umalizike kabla halijazimwa, na katikati yake pasitokee lolote. Na lolote lilitokea. Mara mashine ikasema diski imejaa, tukafuta picha za semina ambazo watu wote walikuwa wamefumba macho. Mara flashi ya mtu wa ofisini ikaleta virusi vilivyoficha mafaili yote, kaka Deo akashinda anaviwinda. Halafu ile dawa ya virusi nayo ikauona mchezo wetu ni mgonjwa, ikaufungia.

Tatizo la mwisho ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote: watu wa ofisi. Dishi lilikuwa moja, na wao walikuwa wanalitumia kwa barua zao na ripoti zao. Wakiwa ofisini, mstari wa kijani ulitambaa hata ukatamani kuusukuma kwa kidole. Lakini zilikuwepo siku ambazo ofisi ilibaki tupu kabisa, magari yote meupe yameondoka, na siku hizo intaneti ilikuwa nyepesi ajabu. Zilikuwa siku za msafara. Vita kule Burundi vilikuwa vimetulia, wakimbizi wakaanza kurudishwa, na kila ulipotoka msafara wa malori watu wa shirika waliusindikiza mpaka mpakani. Kwa hiyo mimi na Kaneza tukawa tunaisubiri misafara. Malori yakipita barabarani yamejaa watu na magodoro na kuku, mimi nilifurahi, nikakimbia kituoni. Nilikuwa mtoto. Sikuona kwamba kila lori lililotusaidia lilikuwa linaipunguza kambi.

Siku ya msafara mstari ulijaa vizuri mpaka ukaonekana unakaribia ukingoni. Tulikuwa tumegawana kazi. Mimi nilikaa mbele ya skrini, nisiondoe macho. Kaneza alikuwa mtu wa taa: nyuma ya kabati kulikuwa na kile kikasha cha intaneti chenye vitaa vya kijani, na kazi yake ilikuwa kwenda kuvitazama kama vinawaka, arudi aniambie. Alikwenda mara kwa mara. Alikuwa mwaminifu sana katika kazi hiyo. Na mstari ukishakaribia kabisa, ukiwa umebaki upenyo wa kucha, ukasimama. Kiboksi kikatoweka. Tukaanza sifuri.

Msafara uliofuata ikawa vile vile, na mwingine pia. Hapakuwa na mvua, diski ilikuwa na nafasi, virusi vilikwisha, ofisi tupu. Kaka Deo alikata vichwa vya waya akafunga vipya kwa koleo lake. Akabadilisha tundu. Akaangalia kama panya wametafuna. Mwishoni akakaa kwenye kile kiti kibovu, akasema, "Mimi nimeshindwa. Huu ugonjwa siujui, unasubiri mwisho ndio unauma." Wavulana wa darasani kwetu waliokuwa wakija pale walisema kisirani kinaletwa na mkimbizi, nikae na mwenzangu mwingine nione. Nilimwambia mmoja wao maneno ambayo Bibi angeyasikia angenifinya. Lakini neno baya likishaingia halitoki lote, na safari moja mstari ulipokatika nilimtazama Kaneza kwa pembe ya jicho, nikajiuliza. Yeye alikuwa ananitazama tayari. Nilidhani ana huzuni kama mimi.

Kisha spika ya kambini ikataja eneo lao. Tuliisikia tukiwa ndani, kwanza kwa Kirundi halafu kwa Kiswahili: watu wa eneo fulani wajiandae, msafara ujao ni wao. Kaneza alikuwa ameshika waya ukutani kama nilivyomfundisha.

Siku chache kabla ya kuondoka, mama yake alipata kibali akaja naye nyumbani kwetu kuaga. Walikuja mchana, wamevaa kitenge kipya, wamebeba kikapu kidogo cha karanga. Shikamoo, marahaba, karibuni, na Bibi hapo hapo akateleka maharage. Nataka wasomaji wa mbali waelewe jambo hili. Kwetu mgeni haagi chungu kikiwa motoni. Ukisimama kuondoka kabla hujakula kilichotelekwa kwa ajili yako, umesema mbele ya watu kwamba nyumba ile unaiogopa, kwamba huenda kuna sumu. Hata mwenye haraka ya daktari atakaa. Na kwa kuwa ni hivyo, mwenye nyumba anayempenda mgeni wake anajua la kufanya: anachagua maharage makavu ya zamani, na yakikaribia kuiva anaongeza maji.

Bibi aliongeza maji. Mama Kaneza alitazama jua, akatazama chungu, akacheka, akavua kanga ya kichwani akakaa vizuri. Alijua anachofanyiwa. Walizungumza juu ya shamba aliloliacha akiwa msichana, kama litakuwa na mtu, na kama mtu huyo atakubali kutoka. Sauti yake ilikuwa ya kawaida lakini mikono ilikuwa inasuka na kufumua pindo la kanga. Bibi akainuka akaongeza maji tena. Kaneza alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, anamtazama Bibi kila anapoinua kata. Walikula wakati jua limeshakwenda, wakaondoka karibu wanakimbia ili geti lisifungwe. Mimi nilikuwa nimekunja uso jioni nzima. Nilikuwa nafikiria msafara. Nafasi ilikuwa imebaki moja tu, na ilikuwa ule ule msafara atakaoondoka nao Kaneza.

Siku yenyewe sikwenda shule. Bibi aliniona nikipita na gauni la Jumapili hakuuliza. Malori yalikuwa yamepangwa ndani ya geti tangu alfajiri, watu wakiitwa, mizigo ikirushwa juu. Kwa sababu ya karatasi za kuchapwa, jenereta liliwashwa mapema, na kaka Deo aliacha milango yote miwili wazi akakimbizana na watu wa ofisi. Nikaingia nikawasha mashine yetu, nikaketi. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kitoto: kama malori yatachelewa vya kutosha, na intaneti ikiwa nyepesi, tutapata walau mzunguko mmoja.

Kaneza aliingia kwa mlango wake amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu begi lilijaa. Hakuketi. Akaja akasimama nyuma ya bega langu, akanyoosha mkono, akabonyeza mwenyewe pa kushushia. Mstari ukaanza kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona, maana wakubwa wote walikuwa nje.

Nikamwambia aende kuangalia taa.

"Leo siendi," akasema. "Leo utafika. Ni mimi nilikuwa nachomoa waya."

Nikageuka. Nilidhani anatania, na uso wake haukuwa wa utani.

"Ukikaribia nilikuwa naenda nachomoa kidogo, halafu narudisha. Si mnasema mgeni haondoki chungu kikiwa motoni? Basi nilikuwa naongeza maji."

Mimi nilichosikia ni nusu ya kwanza tu. Nilikumbuka magoti yangu kwenye sakafu ya jikoni, na kaka Deo na koleo lake, na mchana wote ule wa kukodoa macho. "Kwa hiyo hukutaka tucheze?" nikamuuliza.

Nje mama yake aliita jina lake, na mwanamume mwenye kipaza sauti akaliita pia, pamoja na la baba yake. Kaneza alifungua mdomo. Halafu akaitwa mara nyingine, akatoka kwa mlango wa kambini akikimbia, sweta ya juu ikiwa imemshuka begani.

Mimi nilitoka kwa mlango wa barabarani. Malori yalikuwa marefu yenye mbao za juu, na watu walikuwa wamesimama wamebanana hata usione ni nani wa nani. Walikuwa wanaimba. Vumbi likapanda lote. Sikujua yupo katika lori gani, kwa hiyo niliyapungia mkono yote, la kwanza mpaka la mwisho, hata lile la mizigo lisilokuwa na mtu. Magari meupe ya shirika yakafuata nyuma. Kisha barabara ikawa tupu, na mwanamke mmoja akavuka na mbuzi wake.

Nilirudi ndani kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Nilikuwa na hasira, ile hasira ya mtu ambaye hana wa kumwonyesha. Nilijiambia kwamba hakuwa anaupenda mchezo, na kwamba pengine hakuwa ananipenda hata mimi, alikuwa anakuja kwa sababu ya kiti. Mstari wa kijani ulikuwa unakwenda. Ulipita pale ulipokuwa ukikatika zamani bila hata kusita. Hakuna aliyekwenda nyuma ya kabati. Nilisikia jenereta, na nzi dirishani, na baada ya muda mashine ikatoa kengele ndogo, na maneno yakajitokeza ambayo hata mimi wa Kiingereza cha kuombea maji niliyaelewa. Mchezo ulikuwa umeshuka wote.

Kaka Deo aliingia akakuta. Alifurahi kweli, masikini, akapiga makofi, akasema niriwaambia mimi waya mpya utafanya kazi. Akauweka mchezo kwenye mashine, akanifungulia, akasogea pembeni kama mtu anayempisha bibi harusi. Mchezo ukauliza wachezaji wangapi. Kidole changu kilikuwa kimesubiri siku nyingi kubonyeza mbili, kikabonyeza.

Yakatokea magari mawili kwenye mstari wa kuanzia, jekundu na la bluu, yananguruma pamoja na kutoa moshi. Taa ikawa kijani. La kwangu likaondoka. Niliendesha barabara ambayo sikuwahi kuiona, na kweli ilikuwa nzuri kuliko ile ya kionjo, ilipita kando ya ziwa na katikati ya miti. Kwenye kona niliupinda mwili, nikawa sina wa kugongana naye bega. Nilifika mwisho peke yangu. Nikasubiri muziki wa ushindi, haukuja. Badala yake skrini ikatuonyesha tena pale pa kuanzia, gari la bluu likiwa limesimama vile vile linanguruma, na maneno chini yake.

Nilimuuliza kaka Deo wanasema nini.

"Wanasema mbio hazijaisha," akasoma. "Wewe umefika. Wanamsubiri mwenzako."

Ndipo nilipomwelewa Kaneza, nikiwa nimekaa pale na gauni la Jumapili lililojaa vumbi. Alikuwa amejua toka mwanzo kitakachokuwepo mbele ya skrini ile siku mstari utakapojaa: mimi, na kiti kitupu. Yeye aliuona mwisho ule kabla yangu, akausogeza, akausogeza, kwa kadiri mkono wake ulivyoweza kufika nyuma ya kabati. Nilianza kulia, na kaka Deo, aliyekuwa ametukataza kulia, akaangalia kando.

Baadaye akavuta kile kiti kibovu akakaa nacho karibu, akanyoosha vidole kwenye upande wa pili wa kibodi. "Ngoja nikuendeshee hiri ra pili," akaniambia, "rimalize, tuone barabara nyingine."

Nikamwomba aliache.